Sura Nzima na Fungu la Siku: Bonhoeffer juu ya Kusoma Biblia

Kitabu cha Dietrich Bonhoeffer kiitwacho Gemeinsames Leben, yaani Maisha ya Pamoja, kina kurasa chache, wala hakikuchukua muda mrefu kuandikwa: majuma manne hivi ya mwaka 1938, katika mji wa Göttingen. Kilipochapishwa mwaka 1939, chuo kilichokizaa kilikuwa kimekwisha kufungwa. Chuo hicho kilikuwa Finkenwalde, karibu na mji wa Stettin ambao leo huitwa Szczecin na umo nchini Poland. Kiliwaandaa wachungaji wa Kanisa la Ukiri, yaani Waprotestanti wa Ujerumani waliokataa Kanisa lao litawaliwe na itikadi ya Hitler. Kilianza mwaka 1935, na polisi wa siri wakakifunga mwaka 1937. Twayataja hayo mapema kwa sababu kitabu hiki husomwa mara nyingi kana kwamba ni kijitabu cha utulivu wa nyumbani, ilhali mwandishi wake alikuwa amekwisha kunyang'anywa ile nyumba anayoieleza.

Hatukusudii kukipima chote. Twashika jambo moja tu, yaani fundisho lake juu ya kusoma Biblia kila siku, kwa kuwa ndilo linalotajwa mno miongoni mwetu na, kwa maoni yetu, ndilo linaloeleweka nusu nusu.

Bonhoeffer ataka jamaa ya Kikristo isome kwa sauti, kila siku, sura nzima ya Agano la Kale na walau nusu sura ya Agano Jipya, tena kwa mfululizo, kitabu baada ya kitabu. Ajua kwamba watu watanung'unika kuwa ni mengi mno, hata hawawezi kuyashika yote. Hawabembelezi. Kwake yeye, Maandiko ni kitu kizima, na manung'uniko hayo yaonyesha tu jinsi tulivyokuwa wageni humo. Tena aeleza kwamba msomaji afuataye mfululizo hutolewa katika habari zake mwenyewe na kutiwa katika habari za Mungu na watu wake: avuka nao bahari, atangatanga nao jangwani, aingia nao uhamishoni. Hapo ndipo penye uzito wa kitabu, na hatuoni kwamba hoja hiyo imewahi kujibiwa vema.

Kinyume cha mfululizo ni fungu la siku. Desturi hii twaijua sote. Ilianza Herrnhut mwaka 1728 kwa mkono wa Zinzendorf, na tangu mwaka 1731 mafungu ya mwaka mzima yamekuwa yakichapwa kitabuni. Fungu la Agano la Kale hupatikana kwa kura, na la Agano Jipya huchaguliwa liambatane nalo. Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 ni wa ukoo huohuo, na fungu la siku limeingia pia katika nyumba nyingi za Walutheri. Bonhoeffer halidharau. Akiri kwamba lilikuwa baraka kwa wengi katika mapambano ya Kanisa lake, naye mwenyewe alilitumia. Asema tu kwamba haliwezi kushika mahali pa Maandiko.

Kwa nini lisiweze? Tutazame Yeremia 29:11, fungu lipendwalo kupita yote, lililoandikwa kwenye kalenda za ukutani na nyuma ya daladala. Mtu alisomaye peke yake husikia ahadi ya mambo mema yanayomjia upesi. Lakini sura yenyewe ni barua kwa wahamishwa, nayo yawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea amani mji uliowateka, kwa kuwa watakaa huko miaka sabini. Wengi wa walioisikia barua ile walikufa Babeli. Tena, mistari michache tu kabla ya ahadi, wanaonywa wasiwasikilize manabii wawaoteao ndoto wanazozipenda. Fungu limekatwa, na onyo juu ya manabii wa faida ya haraka limebaki nyuma. Kisha fungu lilelile latumiwa na manabii wa namna hiyohiyo. Msharika aliyezoea mfululizo angeligundua jambo hili bila kufundishwa na mtaalamu.

Hata hivyo liko pingamizi, nalo latoka katika maisha ya Bonhoeffer mwenyewe. Mwezi Juni 1939 alikuwa New York, ambako rafiki zake walimtafutia kimbilio. Alikuwa ameamua kurudi, lakini moyo ulimsumbua. Siku ya 26 akaukuta, kwa bahati tu, mstari mmoja wa 2 Timotheo 4:21, Paulo amwombapo Timotheo afanye bidii kuja kabla ya majira ya baridi. Katika shajara yake aliandika kwamba si kuyatumia Maandiko vibaya kama akikubali kuambiwa neno hilo. Mwezi Julai akapanda meli. Tarehe 9 Aprili 1945 alinyongwa Flossenbürg.

Je, mwalimu wa sura nzima alirudishwa nyumbani na mstari mmoja? Ndiyo. Lakini mstari ule hauna nguvu kwa asiyejua anayesema ni nani. Ni mfungwa, mzee, aliyeachwa na karibu wote, anayetaka joho lake na vitabu vyake. Kwa asiyeisoma barua, ni neno la msafiri tu. Twadhani mstari ulimshika Bonhoeffer kwa sababu barua nzima ilikuwa imekwisha kukaa ndani yake siku nyingi.

Kuna fungu moja la kitabu ambalo hupitwa upesi, nalo ladai kutuliwa. Mwandishi auliza msomaji wa sauti afanyeje, naye asema kwamba hali yake yafanana na ya mtu awasomeaye wengine barua ya rafiki. Asijitie yeye kuwa ndiye mwandishi kwa kunguruma na kulia, wala asisome kana kwamba habari hazimhusu. Wengi wetu twajua jambo hili tangu utoto, tulipoketishwa kumsomea bibi barua ya mwanawe aliye mbali. Hatukuigiza sauti ya mjomba. Lakini tulipofika penye habari ya ugonjwa, tulisoma polepole. Laiti masomo ya Jumapili yangesomwa hivyo madhabahuni! Mara nyingi hukabidhiwa mtu dakika mbili kabla ya kengele.

Tusipokosoa, tutakuwa wavivu. Karl Barth alimwandikia Bonhoeffer mwaka 1936 akieleza wasiwasi wake juu ya harufu ya utawa katika taratibu za Finkenwalde, na juu ya kutenganisha kazi ya theolojia na ibada ya moyo. Wanafunzi wa pale walitakiwa kutafakari nusu saa kila asubuhi juu ya fungu moja juma zima, bila kuuliza watalihubirije, na baadhi yao waliona shida. Twadhani Barth alihofu kupita kiasi. Mchungaji afunguaye Biblia kwa ajili ya hubiri tu hukoma kuwa msikilizaji, naye Luther, alipoandika mwaka 1539 kwamba sala, tafakari na majaribu ndivyo vimfanyavyo mtu kuwa mwanatheolojia, hakuitaja mimbari.

Lakini hofu ya sheria ni ya kweli. Sisi wenyewe tulipata kuwapa wanafunzi vidaftari vya kutia alama kila sura waliyosoma. Baada ya mwezi tuligundua kwamba baadhi yao walitia alama za juma zima siku ya Jumatatu. Tuliona haya, kisha tukakumbuka barua ambayo Bonhoeffer alimwandikia Bethge mwezi Juni 1942, akiungama kwamba aweza kuishi siku nyingi bila Biblia, kwamba kujilazimisha kungekuwa kujidanganya, na kwamba akiifungua tena huiona mpya kuliko zamani. Mwaka 1943, gerezani Tegel, aliarifu kwamba amelisoma Agano la Kale mara mbili na nusu. Kitabu cha 1939 hakina nafasi kwa siku kavu za namna ya 1942, na hilo twaliona kuwa pengo lake kubwa.

Pengo la pili ni la nyumba. Kitabu chataja jamaa, lakini saa zake ni za vijana walioishi pamoja chuoni. Ataka mapambazuko yawe ya ibada ya wote. Mama aamkaye kabla ya jogoo, achote maji na kuwasha moto, hana nusu saa ya kimya wakati huo. Na pengine hajui kusoma, au macho yamechoka. Kwake, sura isomwayo kwa sauti katika jumuiya ndiyo sura pekee ya juma. Nasi ndio tunaoikata katikati ili matangazo yapate nafasi.