Ala za Kale na Shairi Lililokatwa: Kutoka L'Orfeo hadi Siti binti Saad

Rekodi ya L'Orfeo, opera ya Claudio Monteverdi, iliyotolewa mwaka 1969 na Nikolaus Harnoncourt pamoja na kundi lake la Concentus Musicus Wien, haikuwa ya kwanza kutumia ala za wakati wa mtunzi. Hata hivyo, ni miongoni mwa rekodi zilizoeneza imani kwamba fidla za nyuzi za utumbo na udi wa Kizungu wenye shingo ndefu zaweza kumrudisha msikilizaji katika jumba la Mantua, ambako opera hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1607. Imani hiyo inastahili kuhojiwa na mhakiki wa fasihi, kwani msingi wake ni suala la matini.

Matini yenyewe haikutulia. Maneno ya Alessandro Striggio, yaliyochapishwa 1607, yanaishia kwa wanawake wenye wazimu wa Bacchus; muziki uliochapishwa Venice mwaka 1609 unaishia kwa Apollo kumpandisha Orfeo mbinguni. Uhalisi ni upi kati ya hiyo miwili? Isitoshe, wimbo wa Orfeo wa kumsihi mvushaji wa wafu umechapwa kwa namna mbili, moja tupu na nyingine yenye mapambo ya sauti. Chapa inakiri, kwa kimya chake, kwamba sehemu nyingine zote ziliachiwa koo la mwimbaji. Richard Taruskin, katika Text and Act (1995), alishikilia kwamba kile kiitwacho sauti ya kale ni ladha ya karne ya ishirini. Hoja yake ni kali, na pengine inawapunja wapigaji hodari, lakini haijajibiwa ikaisha.

Zanzibar inatoa mfano uliopinduka. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa His Master's Voice, aliacha kile ambacho Mantua haikuacha, yaani sauti. Kilichokosekana ni matini. Siti hakujua kusoma wala kuandika, na nyimbo zake ziliishi vinywani. Kwa hiyo mfufuaji wa taarabu ya kale hujiona ana bahati kuliko Harnoncourt: atafute udi, fidla na tari, aitege sikio santuri, kisha aige.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulichukua kama dakika tatu tu. Wimbo wa Kijiti, unaohusu mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam na mwuaji aliyetorokea bara huku sheria ikiwaandama wanawake, haukutungwa kwa kipimo hicho. Uliimbwa Ng'ambo, usiku, mbele ya watu waliowajua wahusika na waliokuwa na maoni yao juu ya mahakama. Laura Fair, katika Pastimes and Politics (2001), ametumia kumbukumbu za wazee wa mtaa huo kuonyesha jinsi wasikilizaji walivyoshiriki katika kuupa wimbo maana. Santuri ilimnasa mwimbaji, ikaiacha nje hadhira, na shairi likapimwa kwa upana wa sahani. Anayeiga santuri hiyo kwa uaminifu, hata akiwa na udi wa zamani kabisa, anaigiza mkato wa fundi wa mitambo na kuuita fani ya Siti.

Udhaifu wa kigezo cha ala unaonekana wazi zaidi bara. Katika maeneo ya Wamaasai ya Kajiado, kama Entarara, uimbaji hutegemea koo: olaranyani huanzisha, wenzake hujibu, na mbali na pembe ya tandala ala ni chache. Mtu akitaka kurekodi huko wimbo wa eunoto kwa ala za wakati wake, atazipata wapi? Makoo yapo. Kinachoweza kuzeeka na kupotea ni sherehe yenyewe iliyoupa wimbo sababu ya kuimbwa.

Kwa mtazamo huu, albamu ya Siti Muharam, kitukuu wa Siti, iitwayo Siti of Unguja (2020), ina unyofu ambao rekodi nyingi za ala za kale hazina. Inachanganya udi na sauti za studio bila kudai kwamba mwaka ni 1928. Lakini unyofu haujazi pengo la beti. Kinachohitajika kabla ya studio ni toleo la mashairi lililohaririwa, litakalofuata busara ya mchapaji wa 1609: beti za santuri upande mmoja, na kando yake beti zilizohifadhiwa katika kumbukumbu za Ng'ambo, pamoja na tofauti zake zote, ili mwimbaji ajue ni wapi sindano ilimkatiza Siti.