Tuzo za Uandishi wa Habari za Biashara na Swali la Msomaji: Uhakiki

1. Utangulizi

Tuzo ya uandishi hufanya kazi mbili. Humheshimu mwandishi aliyefanya kazi njema, na wakati huohuo huwafundisha wenzake waliobaki katika vyumba vya habari ni kazi ya namna gani ihesabiwe kuwa njema. Kazi ya kwanza huonekana usiku wa hafla; ya pili huendelea kwa miaka. Makala haya yanahakiki tuzo za uandishi wa habari za biashara katika nchi zenye uchumi unaoibukia, hususan zile zilizowahusu waandishi wa Afrika Mashariki, kwa kuuliza swali moja: tuzo hizi zimemchukulia nani kuwa msomaji? Dai letu ni kwamba, kwa sehemu kubwa, zimemweka mbele mwekezaji aliye mbali, na kwamba aliyesahauliwa ni msomaji wa Kiswahili, ambaye naye ana fedha za kuwekeza na za kupoteza.

2. Jina na asili yake

Tuanze na jina. Istilahi ya masoko yanayoibukia ilibuniwa mwaka 1981 na Antoine van Agtmael, mchumi aliyekuwa akifanya kazi katika tawi la Benki ya Dunia linaloshughulikia mitaji ya sekta binafsi. Alikuwa akitafuta jina la mfuko wa uwekezaji katika nchi ambazo hadi wakati huo ziliitwa Dunia ya Tatu, na jina hilo la zamani halikuweza kumshawishi mtu kutoa fedha zake. Kwa hiyo istilahi hii haikuzaliwa darasani wala katika ofisi ya takwimu. Ilizaliwa sokoni, ili kuuza bidhaa kwa mnunuzi mahususi.

Uandishi unaopimwa chini ya jina hilo hurithi mtazamo wa mnunuzi huyo. Huuliza faida iko wapi, sheria inatabirika kiasi gani, na mtaji utatokaje iwapo mambo yataharibika. Hayo ni maswali halali. Hata hivyo, hayatoshi kwa mkulima wa korosho wa Mtwara anayetaka kujua kwa nini bei ya mnada imeshuka, wala kwa mwanachama wa chama cha akiba na mikopo anayetaka kujua amana yake iko salama kiasi gani.

3. Mdhamini na mhukumiwa

Mfano mmoja wa wazi ni Tuzo za Diageo za Uandishi wa Habari za Biashara Afrika, zilizoanza mwaka 2004 na kutolewa jijini London. Zilileta mema ambayo mhakiki hana budi kuyakiri. Katika ukanda ambamo mwandishi wa biashara huishi kwa taarifa za mikutano ya makampuni, na ambamo bahasha ya nauli ni jambo linalojulikana na kila mtu, kutambuliwa kwa kazi ya uchunguzi kulimpa mwandishi hadhi na kumpa mhariri sababu ya kumwongezea muda.

Lakini Diageo ni kampuni ya vileo, na katika miaka ya tuzo hizo ndiyo iliyokuwa na sehemu kubwa ya hisa za East African Breweries, kampuni inayotengeneza bia ya Tusker na ambayo hisa zake huuzwa katika soko la hisa la Nairobi. Kila mwezi Juni bajeti zinaposomwa, ushuru wa bia huwa miongoni mwa habari za mwanzo katika kurasa za biashara. Mwandishi aliyechambua ushuru huo aliweza pia kuwa mshindani wa tuzo iliyofadhiliwa na mlipaji mkubwa wa ushuru huohuo. Hatudai kwamba majaji walielekezwa. Hoja yetu ni ya muundo: anayefadhili kipimo asiwe miongoni mwa wanaopimwa, kwa kuwa mwandishi hahitaji kuambiwa anyamaze pale anapoweza kuhisi mwenyewe ni mada ipi isiyo na tuzo.

4. Lugha ya ubora

Suala la pili ni lugha. Tuzo za CNN MultiChoice kwa Wanahabari wa Afrika, zilizoasisiwa mwaka 1995 na zilizokuwa na kipengele cha uchumi na biashara, zilitenga pia vipengele vya kazi za Kifaransa na za Kireno. Kiswahili hakikutengewa kipengele. Ujumbe uliofika katika vyumba vya habari vya Nairobi na Dar es Salaam ulieleweka bila kuandikwa: habari nzito ya uchumi iandikwe kwa Kiingereza, na gazeti la Kiswahili lipewe muhtasari wake.

Athari za mgawanyo huo zinaonekana pale fedha za watu zinapopotea. Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania iliisimamisha DECI, taasisi iliyokusanya fedha za wananchi kwa mtindo wa kupanda na kuvuna. Utaratibu wake ulikuwa wa upatu: aliyetangulia alilipwa kwa fedha za aliyefuata, bila uzalishaji wowote wa kutoa faida iliyoahidiwa. Jambo la kuzingatia hapa ni lugha. Waendeshaji wake walizungumza Kiswahili cha shambani na cha ibada, wakaita fedha mbegu, na kila aliyewasikia aliwaelewa. Mwandishi ambaye angetaka kuwajibu alihitaji Kiswahili chenye nguvu ileile, cha kuonyesha kwamba mbegu ile haikuwa na udongo. Uwezo huo haupatikani kwa kutafsiri taarifa ya benki kuu usiku wa kuamkia toleo. Hujengwa kwa miaka ya mazoezi, na tuzo ni mojawapo ya njia za kuwalipa wanaofanya mazoezi hayo.

Tangu hapo haja imeongezeka. Mwaka 2017 Kenya ilianza kuuza kwa simu hatifungani ya M-Akiba kwa kiwango cha chini cha shilingi 3,000. Kwa hatua hiyo muuza mboga aliweza kuwa mkopeshaji wa serikali. Anastahili kuelezwa riba, muda wa kuiva na hatari ya deni kwa kina kilekile anachopewa meneja wa mfuko wa London.

5. Njia ya kufuata

Mifano ya kuigwa ipo. Tuzo za Umahiri wa Uandishi wa Habari Tanzania, zinazoratibiwa na Baraza la Habari Tanzania tangu 2009, zimeonyesha kwamba kazi ya Kiswahili yaweza kushindanishwa kwa Kiswahili chake, uchumi na biashara vikiwamo. Katika fasihi, Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ufadhili wa kampuni ya mabati, imethibitisha kwamba fedha za kiwanda zaweza kuinua maandishi ya Kiswahili. Kinachokosekana ni upeo wa kikanda. Benki ya CRDB imevuka kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura na Lubumbashi. Equity na KCB zimevuka kutoka Nairobi hadi Kongo. Mtaji umewafuata wasemaji wa Kiswahili ng'ambo ya mipaka, ilhali uandishi wa kuukagua umebaki nyuma.

Tunapendekeza Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na mabaraza ya habari ya nchi wanachama kuanzisha tuzo ya kikanda yenye masharti manne. Kwanza, kazi ihukumiwe kwa Kiswahili ilimoandikwa. Pili, ufadhili uwekwe katika mfuko wa pamoja, asiwepo mfadhili mmoja mwenye jina juu ya tuzo. Tatu, majaji wachapishe sababu za uamuzi wao, ili aliyeshindwa ajifunze na umma uweze kuwahoji. Nne, kigezo cha kwanza kiwe kama msomaji mwenye uamuzi wa fedha mbele yake angeweza kuufanya vyema zaidi baada ya kuisoma kazi hiyo.

Sharti la nne ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa litawalazimu majaji kumfikiria msomaji kabla ya kumfikiria mfadhili. Mengine matatu yanalilinda. Bila hayo, tutakuwa tumetafsiri hafla ya London kwa Kiswahili, huku muuza mboga akiendelea kusubiri maelezo ya hatifungani aliyokwisha kuinunua.