Kitundu cha Pini

Saa tatu asubuhi mjini Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, mama mwenye ofisi ya uwakala wa forodha amekwisha kuinuka kitini mara nne kwenda kuitazama ruta iliyotundikwa ukutani juu ya printa. Taa zote ni za kijani. Nje, dereva wa lori ameketi kwenye kivuli cha tela lake, anamenya ndizi, anangojea hati ambazo miaka mingi sasa si karatasi tena.

"Fundi, imekataa," mama anasema hata kabla ya salamu. "Kurasa zinafunguka vizuri. Nikipakia stakabadhi, inazunguka tu, inazunguka."

"Pole, mama. Ilianza lini?"

"Jana, alipotoka yule kijana."

Yule kijana. Mafundi wa mtandao wa Busia na Malaba wote wanamjua, ingawa kila mara huwa ni mtu mwingine. Ni yule aliyetangulia, akabonyeza, akalipwa, akaenda zake.

Fundi anavuta kiti. Kompyuta inabaki mkobani; kinachotoka kwanza ni daftari.

Ni daftari nene la jalada gumu, la aina wanayoandikia madeni wenye maduka, kona zake zimezungushiwa utepe mweusi wa umeme. Kila ofisi ina ukurasa wake. Juu kuna tarehe ruta ilipofungwa, kisha aina ya muunganisho, anwani ya ruta, jina la akaunti kwa mtoa huduma. Printa imepewa 192.168.1.200, ilhali simu na kompyuta hugawiwa kuanzia 100 hadi 150, ili siku ofisi ikijaa wageni printa isije ikanyang'anywa kiti chake. Nywila hazimo. Hizo zimo kwenye bahasha ndani ya kabati la chuma la mama, na fundi akizihitaji huiomba bahasha, huifungua mbele yake, kisha huifunga tena na kutia sahihi juu ya gundi.

Pembeni mwa ukurasa kuna maandishi ya penseli, madogo, na hapo ndipo thamani yote ya daftari ilipo. Soketi ya dirishani ina kutu. Waya wa antena uligusa bati, ukahamishwa. Mlinzi huchomoa plagi usiku achaji simu yake. Hilo la mlinzi lilimchukua fundi wiki mbili kuligundua: kila asubuhi ofisi ililalamika kuwa mtandao unachelewa kuamka, na kila mchana alipofika aliukuta mzima. Mwishowe alikuja saa kumi na moja alfajiri, akapiga hodi, akamkuta mzee wa watu na chaja mkononi. Hakumsemea. Alimnunulia soketi ya ziada.

Desturi ya kuandika hakuizua yeye. Aliirithi kwa mzee aliyekuwa fundi wa simu enzi za Shirika la Posta na Simu la Kenya, kabla halijavunjwa mwaka 1999. Wale wazee walifunga nyaya kwa uzi wa nta, fundo kwa fundo, nafasi sawa, hata ndani ya makabati yaliyofunguliwa mara moja kwa miaka kadhaa. Siku ya kwanza kazini, mzee alizifumua nyaya zote alizofunga mwanafunzi wake, hakusema neno, akamkabidhi uzi. Siku hizi nyaya hubanwa kwa vibano vya plastiki, zikibahatika kubanwa.

Intaneti yenyewe iliingia mpakani kwa kusukumwa na kazi. Mwaka 2005 Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, ilileta mfumo wa forodha wa Simba, na wakala asiye na kompyuta akaanza kutegemea hisani ya jirani. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa. Kabla ya hapo nchi nzima ilinong'onezana na dunia kwa setilaiti. Mwaka 2014 ikaja Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, ushuru wa shehena ya Uganda ukawa unalipwa mzigo ukiwa bado bandarini. Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia. Foleni za malori hazikuisha, na walioziona zile za Januari 2022, madereva walipogomea ada ya kupimwa Korona upande wa Uganda, hawatazisahau. Lakini sehemu ya foleni ilikwisha kuhamia ndani, kwenye kile kisanduku ukutani ambacho hakuna anayekipangusa vumbi.

Kidole cha fundi kinashuka kwenye ukurasa na kusimama mstari wa saba, ukubwa wa juu kabisa wa pakiti: 1492. Anafungua kompyuta, anaichomeka kwa waya, maana mipangilio ya ruta haiguswi kupitia hewani, anaingia. Kwenye ruta pameandikwa 1500.

Muunganisho wa ofisi hii ni wa aina ya PPPoE, nao hudai baiti nane za bahasha yake katika kila pakiti. Ukitoa nane kwenye 1500 unapata 1492. Nambari ikizidi hapo, pakiti ndogo hupenya kama mtu mwenye kikapu, na pakiti iliyojaa hukwama mlangoni kama mwenye godoro kichwani. Ndiyo sababu kurasa zilifunguka na stakabadhi zikagoma. Fundi anairudisha 1492, lakini haamini hata mwandiko wake mwenyewe; anaipigia hodi seva ya mbali kwa pakiti ya 1464 na kuikataza isikatwe vipande njiani. Inajibu. Anajaribu 1465. Kimya. Anarudi kwenye 1464, anajumlisha 28 za vichwa vya pakiti, hesabu inakubali, anatia alama ya vema kwa penseli.

"Kijana alisema kubwa ndiyo ya kasi," mama anajitetea.

Fundi anacheka kidogo, anaomba maji ya kunywa.

Kabla ya kuondoka anakagua laini ya akiba, ile ya simu inayoshika kazi waya ukikatika. Hapa pana jambo ambalo halimo katika kijitabu chochote cha ruta, kwa kuwa vijitabu viliandikwa na watu ambao hawajawahi kufanya kazi mita mia tatu kutoka nchi nyingine. Ruta ikiachiwa ijichagulie mtandao, siku mnara wa Kenya ukinywea itajishikiza kwenye wa Uganda. Taa itabaki kijani, ishara itajaa, na ofisi ama itakosa intaneti kabisa ama itapata bili ya ugenini. Kwa hiyo fundi huingia mahali pa kuchagua mtandao, huondoa uhuru huo, huandika kwa mkono 639 02, ambayo ni Safaricom, ili ruta isije ikatoroka kwenda 641 10, ambayo ni MTN ya ng'ambo. Ni kwenye mpaka huuhuu boda boda ilikopata jina, baiskeli zikivusha watu na mizigo katika ile nafasi kati ya vituo viwili. Waliovuka salama walimjua mpanda baiskeli wao kwa jina, na ruta nayo haina budi kuujua mtandao wake.

Kisha kuna radi. Ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi duniani, na mvua za alasiri za Busia zimeua adapta zisizohesabika. Penseli ya fundi imeandika: wingu likitanda upande wa ziwa, chomoa umeme na waya wa antena, vyote viwili. Wengi huchomoa kimoja.

Haya yote, tarehe, nambari, kutu, mlinzi, 639 02, yanaweza kufutwa kwa sekunde kumi. Nyuma ya ruta kuna kitundu chembamba, na ndani yake kitufe. Yule kijana akikwama huomba pini, huchomeka, hushikilia, na ruta hurudi kuwa kama ilivyotoka kiwandani, na nywila ya kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilizunguka dunia ikijaribu majina na nywila za kiwandani kama 60 hivi, na vifaa vilivyofunguka vilitosha kuangusha tovuti kubwa za Marekani. Uingereza imepiga marufuku nywila za aina hiyo kwa sheria iliyoanza kutumika Aprili 29, 2024. Huku mpakani zingali zimebandikwa chini ya visanduku, na ofisi ambazo zingemwita mlinzi kwa mlango ulioachwa wazi hazioni kuwa huu nao ni mlango.

Miezi michache baadaye mama alipata huduma mpya. Kisanduku kilikuja kimefungwa, mipangilio yake yote inaendeshwa kutoka mbali. Fundi aliitwa atoe ruta ya zamani tu. Aliuliza kama anaweza kuona namba ya mstari wa saba. Aliyekileta akamwambia hakuna haja, kinajijua chenyewe. Printa ilikuwa imepewa anwani nyingine asubuhi hiyo, na mama alikuwa anatafuta pini ya kubandika tangazo kwamba haichapishi.

"Ile kuukuu nimpe mtoto wa dada, mwanangu?"

"Mpe, mama. Ngoja kwanza."

Fundi aliichomeka mara ya mwisho. Ndani yake kulikuwa bado na akaunti ya ofisi, nywila zake, orodha ya kila simu iliyowahi kuingia. Akaiomba ile pini. Kwa miaka yote aliyoitunza ruta hiyo hakuwahi kukigusa kile kitundu. Akaisukuma pini ndani, akahesabu hadi kumi kwa sauti ndogo. Taa zikazimika zote, zikarudi moja moja, na kwenye simu ya mama likajitokeza jina la kiwandani.