Nani Yumo Kizimbani? Mtu Binafsi na Jamii katika Riwaya Mbili za Kezilahabi na Nyimbo za Siti binti Saad

Utangulizi

Uhusiano kati ya mtu binafsi na jamii ni suala ambalo limeushughulisha uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kwa muda mrefu. Kwa jumla, mielekeo miwili imejitokeza. Mwelekeo wa kwanza ni ule wa udhanaishi, ambao humwona mhusika kama nafsi pweke iliyotupwa katika ulimwengu usiokuwa na maana, nafsi inayowajibika yenyewe kwa kila inachokitenda. Mwelekeo wa pili ni ule wa Kimarx, ambao humwona mhusika kama zao la mfumo wa kiuchumi, hivi kwamba kosa lake huwa ni kosa la tabaka lake na la historia iliyomzaa. Kazi za Euphrase Kezilahabi (1944-2020) zimevutwa huku na huku na mielekeo hii tangu miaka ya sabini ya karne iliyopita.

Tofauti zao ni kubwa, lakini mielekeo hiyo ina upungufu mmoja wa pamoja. Kila mmoja hukimbilia kujibu swali la nani mwenye hatia kabla ya kuuliza swali linalolitangulia: ni nani aliyeitwa kujibu mashtaka, aliitwa mbele ya nani, na ni nani aliyeachwa nje ya kizimba? Makala haya yanadai kwamba swali hili la pili ndilo linalofungua njia ya kuuelewa uhusiano wa mtu binafsi na jamii katika Rosa Mistika (1971) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975). Aidha, yanadai kwamba jibu la swali hilo lilikuwa limekwisha kutafutwa, nusu karne kabla ya riwaya hizo, na waimbaji wa taarabu wa Unguja waliokuwa wakimzunguka Siti binti Saad.

Shule na Kosa Lisilo na Jina

Rosa Mistika ilichapishwa Nairobi na East African Literature Bureau, na haikuchukua muda kabla ya kupigwa marufuku shuleni nchini Tanzania. Baadaye iliruhusiwa, ikasomwa na kutahiniwa. Historia hii fupi ya kitabu inaoana ajabu na maudhui yake. Kitabu kinachoeleza jinsi ukimya wa wazazi na walimu ulivyomwangamiza msichana kilijibiwa kwa kunyamazishwa.

Jina lenyewe la mhusika mkuu ni mzigo. Rosa Mistika ni mojawapo ya majina ya sifa anayopewa Bikira Maria katika litania ya Kanisa Katoliki. Msichana wa Ukerewe anabatizwa jina la usafi usiofikiwa na mwanadamu, kisha anatarajiwa kuufikia bila ya kuelezwa njia. Babake, Zakaria, ni mlevi ambaye ameacha mzigo wa nyumba uelemee mabega ya mkewe, Regina. Hata hivyo ni Zakaria huyu anayejitwika jukumu la kulinda heshima ya binti. Anapogundua kwamba Rosa ameandikiwa barua na kijana Charles, jibu lake ni kipigo. Katika kipigo hicho hamna fundisho lolote ila moja: kwamba mwanamume ni hatari isiyozungumzwa.

Rosa anapokwenda shule ya sekondari ya bweni, anabeba woga huo pamoja na sanduku lake. Shule, ambayo ingetarajiwa kuusahihisha upungufu wa nyumbani, inauendeleza kwa njia nyingine. Ina kuta, kengele na kanuni, haina mazungumzo. Baadaye, chuoni Morogoro, hata kuta hizo zinakosa maana, kwa kuwa mkuu wa chuo mwenyewe ni mmoja wa wanaume wanaoandamana naye. Hapa ndipo riwaya inapogusa jambo ambalo uhakiki wa kimaadili umelipita haraka. Uhakiki huo humwona Rosa kama binti aliyepewa uhuru akautumia vibaya. Lakini uhuru ambao mtu hakuandaliwa kuupokea, tena uliomfikia mikononi mwa walio na mamlaka juu yake, ni vigumu kuuita uhuru.

Inafaa kukumbukwa kwamba riwaya hii ilitoka miaka minne baada ya Julius Nyerere kuitangaza sera ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Sera hiyo iliikosoa elimu ya kikoloni kwa kupalilia ubinafsi na kumtenga kijana na jamii yake, na ikataka shule iwe sehemu ya maisha ya jamii. Kezilahabi haipingi sera hiyo waziwazi. Anachofanya ni kuonyesha sura ambayo sera haikuitazama: kwamba jamii ambayo shule ilitakiwa kuungana nayo ni hiyohiyo ya Zakaria. Kuirudisha shule katika jamii si tiba ikiwa jamii yenyewe haijakubali kusema na watoto wake.

Mashtaka ya riwaya yanasomwa mwishoni. Rosa, ambaye amekwisha kuwa mwalimu na kuamua kuishi maisha mapya, anakataliwa na Charles yuleyule baada ya maisha yake ya nyuma kujulikana, naye anajiua. Kisha mwandishi anamvusha msomaji hadi ahera, ambako Rosa na Zakaria wanasimama mbele ya Mungu na kutupiana lawama. Wahakiki wengi wameijadili sehemu hii kwa kuuliza ni nani kati ya wawili hao aliye na haki. Ajabu ya mahakama hii, hata hivyo, ni kwamba inaweza kuwahukumu wafu peke yao. Charles yu hai. Mkuu wa chuo yu hai. Wanaume wa Morogoro na Mwanza wangali duniani na shughuli zao, na makosa yao hayajapewa jina. Kwa kuwaweka kizimbani baba na binti tu, Kezilahabi analidhihirisha pengo la mahakama hiyo. Msomaji aliye hai, anayeishi na hao waliobaki, ndiye anayeachiwa kesi isiyokwisha.

Risasi na Sheria

Katika Dunia Uwanja wa Fujo kosa lina jina, nalo ni mauaji. Tumaini anarithi mali ya wazazi wake na kuitapanya kwa anasa. Baadaye anajirudi, anafanya kazi kwa bidii na kuwa mkulima mkubwa. Sera ya ujamaa inapoligusa shamba lake, anamuua kwa risasi kiongozi wa wilaya anayeisimamia sera hiyo, na sheria inamhukumu kifo.

Mbele ya sheria, kesi hii ni rahisi. Kuna maiti, kuna bunduki na kuna aliyeishika. Uhakiki wa Kimarx nao umeiona kuwa rahisi kwa njia yake: Tumaini ni bwanyenye mdogo anayeutetea umilikaji wa kibinafsi dhidi ya maslahi ya walio wengi, na kifo chake ni kifo cha tabaka lililopitwa na wakati. Udhanaishi kwa upande wake umeona katika risasi hiyo kitendo cha mtu anayejithibitisha mbele ya dunia isiyo na mpango. Kila usomaji una ushahidi wake katika matini, na itakuwa kosa kuupuuza. Hata hivyo, usomaji wote huu unaitegemea risasi, ilhali riwaya inatumia sehemu yake kubwa kueleza maisha yaliyotangulia risasi hiyo.

Maisha hayo yanaonyesha jamii inayobadili vipimo vyake bila ya kutangaza. Alipotapanya mali, Tumaini hakukosa wa kuila pamoja naye. Alipogeuka kuwa mchapakazi, alitimiza kile ambacho wazee humwusia kila kijana: alilima, akaoa, akajenga. Kisha kipimo kikabadilika tena na bidii ileile ikaitwa unyonyaji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 na uhamishaji wa watu vijijini uliofuata katika miaka ya sabini ulikuwa na hoja zake za haki, na hakuna haja ya kuzikana hoja hizo ili kuielewa riwaya. Lililo muhimu ni kwamba Tumaini anaelezwa maana mpya ya maisha yake na watu ambao hawakumuuliza lolote. Kama Rosa, yeye hupokea hukumu kabla ya mazungumzo.

Kuyaeleza haya si kuitetea bunduki. Riwaya haimsafishi Tumaini. Aliyeuawa ni mtu pia, na mauti yake hayafutiki kwa sababu ya shamba. Linalodaiwa hapa ni kwamba mahakama ya dola, kwa maumbile yake, hutafuta mkosaji mmoja kwa tendo moja la siku moja. Fasihi ina uwezo wa kuupanua muda wa kesi. Mahakama ya ahera katika Rosa Mistika iliwaacha nje walio hai. Mahakama ya duniani katika Dunia Uwanja wa Fujo inaiacha nje miaka yote iliyoitangulia risasi.

Wimbo kama Baraza

Je, kuna umbo la sanaa ambalo limewahi kuisimamisha mahakama yenyewe kizimbani? Jibu linapatikana katika muziki, na hasa katika nyimbo za Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950. Alizaliwa Fumba akaitwa Mtumwa, jina linalobeba historia ya ukoo wake. Hakupata elimu ya shule, na aliingia mjini akiwa muuza vyungu. Mwaka 1928 alisafiri pamoja na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikasikika mwambao mzima.

Shaaban Robert aliyaandika maisha haya katika Wasifu wa Siti binti Saad. Kwa mujibu wa mtazamo wake wa kimaadili, mkazo umewekwa kwenye tabia na juhudi za mtu binafsi: mnyonge aliyepanda kwa vipawa, subira na adabu. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nyimbo hazikuwa zao la mtu mmoja. Zilitungwa na kikundi, wakiwemo Mbaruku, Maalim Shaaban, Buda Swedi na Subeti Ambari, na mara nyingi zilitokana na habari za mjini zilizozungumzwa barazani. Siti alikuwa nafsi moja mashuhuri iliyobeba sauti za wengi.

Wimbo wa Kijiti ni mfano ulio wazi zaidi. Unahusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, na mwanamume aliyeshukiwa kuyatenda akavuka bahari na kuuponyoka mkono wa sheria. Waliotiwa hatiani ni wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi. Unguja wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza, na hakimu alikuwa na neno la mwisho katika jengo lake. Hakuwa nalo mtaani. Wimbo ulimtaja mkosaji kwa jina, ukamweka hakimu mahali pa kuulizwa, na ukawarudishia mashahidi heshima waliyonyang'anywa. Katika kesi hii iliyoimbwa, aliyetoroka anaitwa, hakimu anaitwa, na jamii iliyosikiliza inakuwa baraza linaloijadili hukumu.

Inapasa kuonya kwamba wimbo hauko upande wa haki kila mara. Siti mwenyewe alipoanza kupata jina aliimbwa kwa kejeli, akasutwa kwa asili yake ya shamba na kwa umaskini wake. Sauti ya umma inaweza kuwa fimbo kama ile ya Zakaria. Vilevile, katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna aliyefungiwa na babake hutoroka na hatimaye kuimba baa, na wanaoisikia sauti yake humhesabu kuwa aliyepotea. Kipawa kilekile kilichompa Siti jina kinamletea Maimuna aibu. Tofauti yao haiko katika koo. Siti alikuwa na kikundi kilichotunga pamoja naye na hadhira iliyoyatambua mambo yake katika nyimbo. Maimuna anaimba mbele ya wateja.

Hitimisho

Kazi hizi zikisomwa pamoja, zinaonyesha kwamba mgongano wa mtu binafsi na jamii hauwezi kumalizwa kwa kuchagua upande. Rosa alifanya uamuzi wake na Tumaini aliifyatua risasi. Kuwanyima uwajibikaji ni kuwanyima utu. Lakini shule, dola na ukoo vimekuwa na desturi ya kumwita kizimbani yule aliye karibu na asiyekuwa na msemaji, huku wenye mamlaka wakibaki miongoni mwa watazamaji.

Jambo hili linahusu moja kwa moja ufundishaji wa fasihi. Mwanafunzi anapoulizwa katika mtihani aonyeshe jinsi Rosa alivyojiponza mwenyewe, swali limekwisha kumhukumu mhusika, na mwanafunzi anabakiwa na kazi ya karani wa kuandika hukumu hiyo. Katika darasa hilo huenda ameketi msichana ambaye naye amepigwa kwa ajili ya barua, au ambaye anamwogopa mwalimu asiyeweza kumtaja. Swali lililoundwa hivyo linamfundisha anyamaze. Swali linalomtaka aonyeshe ni nani waliostahili kuitwa pamoja na Rosa, na kwa nini hawakuitwa, linamrudishia kazi ambayo waimbaji wa Unguja waliifanya bila ya kupitia shule yoyote.