Mizizi ya Bluzi ya Muddy Waters: Uhakiki wa Dhana ya Mwalimu Mmoja

Wahakiki wengi huueleza urithi wa bluzi ya Delta ya Mississippi kama silsila: Charley Patton alimwathiri Son House, House akamwathiri Robert Johnson, na hatimaye akatokea Muddy Waters. Silsila hiyo ina ukweli, lakini ushahidi wa Waters mwenyewe unaonesha kuwa haitoshi.

Mnamo Agosti 1941, Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani na John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk walimrekodi Waters katika shamba la Stovall, alikokuwa akifanya kazi. Alipoulizwa chimbuko la wimbo wake "Country Blues", alitoa majibu kadhaa. Alisema aliutunga mwenyewe alipokuwa akiziba pancha ya gari. Kisha akaeleza kuwa lahani yake ilitoka katika mashamba ya pamba, kwamba Johnson aliitoa katika santuri, na kwamba yeye aliijua kabla ya santuri hiyo, kwa kujifunza kutoka kwa House.

Mhakiki anayetafuta chanzo kimoja ataona hapa mkanganyiko. Msomi wa fasihi simulizi hataona hivyo, kwani fanani hukiri kupokea na hudai kutunga kwa wakati mmoja. Lahani ni ya jamii, mbinu ya kutelezesha shingo ya chupa juu ya nyuzi ni ya mwalimu, na utungo ni wa msanii.

Aidha, silsila hiyo huficha mengi. Waters alipiga pia nyimbo za Gene Autry, mwimbaji Mzungu wa nyimbo za wachunga ng'ombe. Watafiti wa Fisk nao waliorodhesha santuri zilizopigwa katika mabaa ya Clarksdale, zikiwemo za bendi za jazi za mijini. Waters alihamia Chicago mwaka 1943. Mwaka 1948 alizirekodi upya kwa gitaa la umeme nyimbo mbili alizokuwa amezirekodi Stovall. Mkono wa House unasikika humo, lakini ukali wa sauti ni zao la mji wenye kelele, wala haukurithiwa kwa mwalimu yeyote.

Kwa nini basi silsila nyembamba ilitawala? Sababu mojawapo ni namna kumbukumbu zilivyohifadhiwa. Maandishi ya Work na wenzake wa Fisk, wasomi Weusi walioichunguza jamii nzima pamoja na burudani zake za kila siku, yalichapishwa mwaka 2005 tu, miongo kadhaa baada ya kifo cha Work. Katika muda huo wote sauti ya Lomax ndiyo iliyosikika zaidi, na shauku yake ilielekea kwenye muziki alioudhani haujaguswa na soko.

Funzo la kisera liko wazi. Taasisi inayorekodi wanamuziki ihifadhi mahojiano yote, maswali kwa majibu, pamoja na majina ya watafiti wote walioshiriki. Iandike pia nyimbo ambazo msanii huzipiga kwa ajili ya kipato, hata kama mtafiti hazithamini. Pasipo hayo, kinachoitwa asili ya msanii kitabaki kuwa chaguo la aliyeshika kinasa sauti.