Usafi wa kina wa meno: uliza namba kabla ya bei

Umeenda kusafishwa meno tu, unaambiwa unahitaji "usafi wa kina". Marekani huduma hii hutozwa kwa kila robo ya kinywa, kwa hiyo bei moja inaweza kugeuka nne. Je, ni lazima?

Tiba yenyewe si utapeli. Ukoga ukigandia chini ya fizi, mfupa huliwa taratibu na jino hulegea. Hapo kukwangua mizizi kunasaidia: mapitio ya tafiti ya Chama cha Madaktari wa Meno Marekani, 2015, yalikuta fizi zinashika jino zaidi kwa wastani wa nusu milimita hivi. Ni kidogo, lakini ni faida.

Shida ni kumuuzia tiba mtu asiye na ugonjwa. Mapitio ya Cochrane ya 2018 yaliangalia watu wazima wasio na ugonjwa mkali wa fizi, wanaomwona daktari mara kwa mara. Hata usafi wa kawaida wa kila miezi 6 au 12 haukuleta tofauti ya maana kwenye uvimbe wa fizi. Sasa ule wa kina utetewe kwa lipi?

Kwa hiyo omba vipimo vyako. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida. Ukiambiwa 5 au 6, fizi zinatoka damu na eksirei inaonyesha mfupa umepungua, usikimbie, maana mfupa ukishaliwa haurudi kirahisi. Huonyeshwi namba yoyote? Funga pochi, tafuta daktari wa pili.