Alama Zinazotolewa Kabla ya Mtihani

Kila mwaka mwishoni mwa Aprili, Marekani huwa na shughuli inayofanana kidogo na ile ya kuchagua wanafunzi wa Senior One hapa Uganda. Timu 32 za ligi ya NFL, yaani futiboli ya Kimarekani inayochezwa kwa mikono kuliko miguu, huchukua siku tatu kuchagua vijana waliotoka kucheza vyuoni. Shughuli hiyo huitwa drafti (msomaji asidhani ni ile ya kusukuma vizibo vya soda barazani). Kwetu shule zenye jina ndizo hutangulia kuchagua. Kule timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo hupewa nafasi ya kwanza. Raundi ni saba, na vijana wanaotajwa hupita 250.

Kilichonifanya niandike si uchaguzi wenyewe bali kinachoufuata. Jina la mwisho hutajwa Jumamosi, na kufikia Jumapili wachambuzi wa magazeti na televisheni wameshazisahihisha timu zote kama karatasi za darasa: hii A, ile B, nyingine F. Hakuna hata kijana mmoja aliyekwisha kucheza mechi. Binamu yangu anayeishi Marekani hunitumia alama hizo kila mwaka, akiwa amechangamka au amenuna kulingana na timu yake ilivyopewa. Nami kila mwaka hujiuliza zinapima nini.

Jibu jepesi ni kwamba hazipimi kitu, na wenye jibu hilo huwa na mfano wao tayari: Seattle Seahawks, mwaka 2012. Katika raundi ya tatu walimchagua Russell Wilson, kijana wa nafasi ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Urefu wake haukufika futi 6, na wengi walimwona mfupi mno kwa kazi hiyo. Isitoshe, mwezi Machi tu timu hiyo ilikuwa imemsajili Matt Flynn kwa nafasi hiyo hiyo. Wachambuzi kadhaa waliwapa Seattle alama za chini, na F zilikuwepo. Wilson akaanza kucheza tangu mechi ya kwanza ya msimu. Bobby Wagner, aliyechaguliwa raundi ya pili mwaka huohuo, akawa nguzo ya ulinzi. Februari 2014 Seattle wakatwaa Super Bowl kwa kuwachapa Denver Broncos 43 kwa 8.

Hadithi hii hunogesha mazungumzo, lakini kama hoja naiona dhaifu. Anayemcheka mchambuzi wa 2012 kwa kutumia matokeo ya 2014 anataka mtu ahukumiwe kwa jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua. Tena anasahau kuwa timu zenyewe hubahatisha. Tom Brady, aliyekuja kushinda Super Bowl 7, alichaguliwa wa 199 mwaka 2000. Hata New England Patriots waliompata walichagua wachezaji wengine sita kwanza. Kama wangejua watakachovuna, wasingethubutu kumwacha asubiri hadi raundi ya sita. Cade Massey na Richard Thaler (huyu wa pili alitunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2017) walichunguza drafti za miaka mingi. Wakaona kwamba mchezaji aliyechaguliwa mapema ana uwezekano unaozidi nusu kidogo tu wa kuwa bora kuliko anayemfuata katika nafasi ileile ya uwanjani. Ni karibu sawa na kurusha sarafu, na hiyo ni kazi ya watu wenye maskauti, ripoti za madaktari na mahojiano ya ana kwa ana na vijana. Mwandishi hana nusu ya hayo.

Basi alama ya Jumapili inatoka wapi? Nikisoma maelezo yanayoiandama, naona mtindo uleule. Mchambuzi ana orodha yake aliyoipanga kwa miezi. Timu ikimchukua kijana aliyekuwa wa 20 kwenye orodha hiyo ikiwa zamu ya 40, imeokota dhahabu. Ikimchukua wa 40 zamu ya 20, imekurupuka. Orodha haishtakiwi kamwe. Kwa hiyo A maana yake ni "mmekubaliana nami", na F ni "mmenipinga". Hilo lina maana yake: linatuonyesha timu imeachana na fikra za wengi kwa umbali gani. Kosa langu nalo ni kwamba kwa miaka miwili nilizisoma kama utabiri.

Hata hivyo kuna sehemu moja ya ripoti hizo ninayoitetea, nayo ni bei. Mwaka 2017 Chicago Bears walikuwa na zamu ya 3. Wakawapa San Francisco zamu hiyo pamoja na nafasi nyingine tatu za raundi ya tatu na ya nne, ili tu wasogee hatua moja, hadi ya 2, wamchukue Mitchell Trubisky. Wengi walilalamika usiku uleule kwamba gharama ni kubwa mno. Patrick Mahomes alichaguliwa wa 10 katika drafti hiyohiyo na leo kila mtu huwacheka Chicago kwa ajili yake, lakini lawama ya bei haikumhitaji Mahomes. Ilitegemea mambo yaliyokuwa mezani usiku ule: walichotoa na walichopata. Hata Trubisky angekuwa nyota, bado ingekuwa halali kuuliza kama hatua moja ilistahili gharama ile. Huo ndio uhakiki ninaoutaka. Bahati mbaya, hufungwa pamoja na utabiri katika herufi moja, na msomaji hawezi kujua lipi ni lipi.

Pengine nalichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu yangu mwenyewe. Wiki ya kwanza ya Senior One, mwalimu mmoja alisoma kwa sauti alama tulizopata shule ya msingi, na mbele ya kila jina akaandika daraja atakalopata mwenyewe miaka minne baadaye. Mimi niliandikiwa la tatu. Sitasema nilipata nini, maana nikisema nitakuwa nafanya kama wale wa Seattle. Neno ni kwamba siku ile hakuwa ameona hata daftari langu moja.

Mwaka huu binamu aliponiandikia kwamba timu yake imepata B+, nilimuuliza wametoa nini kupata walichopata. Akajibu kwamba hakusoma hadi huko.